Kiingereza cha Getini

Mura, kijana unayerudi shifti, mama unayeanua nguo huko Kewanja, hapa Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, na wewe mwanafunzi uliyefungua daftari karibu na redio ya nyumbani, karibuni tuzungumze.

Neno letu la kwanza ni karasha. Hakuna mtu wa Nyamongo anayehitaji kuelezwa karasha ni kitu gani. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji, yanapelekwa huko, yanamiminwa mdomoni mwa mashine, vumbi linapanda, na vijana wanaolisha mashine wanajifunga vitambaa puani, nyusi zimegeuka nyeupe kama za wazee. Tumelipa neno hili ngeli yetu bila kumwomba mtu ruhusa: karasha hili, makarasha haya. Waliolileta walitamka "crusher", kutokana na "crush", yaani kuponda. Lakini Waingereza nao walilipokea kutoka kwa Wafaransa wa zamani, waliosema "croissir" wakimaanisha kitu kinachopasuka kwa mlio, au meno yanayosagana. Kwa hiyo mlio ule unaotukera mchana kutwa ulikuwamo ndani ya neno tangu Ulaya, karne nyingi kabla ya mashine yenyewe kufika hapa. Mtoto wetu aliyezaliwa jirani na makarasha analifahamu neno hilo kwa masikio kabla hajaliona limeandikwa.

Nimeanza na karasha kwa sababu leo nataka kuzungumza na wanafunzi wetu, na walimu wao, kuhusu msamiati mgumu wa Kiingereza.

Mtoto wa Nyamongo anaanza maisha kwa Kikuria. Kiswahili anakiokota sokoni, redioni na kwa watoto wa wageni waliokuja kutafuta kazi, kisha shule ya msingi inamkomaza. Hisabati anasoma kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, uraia kwa Kiswahili. Anafaulu, anavuka kwenda kidato cha kwanza katika sekondari ya Serikali, na ghafla fizikia, kemia, baiolojia, jiografia na historia vyote vinasema Kiingereza. Mtoto yuleyule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole anakaa kimya nyuma ya darasa. Akili haijapungua hata kidogo. Ameishiwa maneno.

Na tunamsaidiaje? Tunampa orodha. Daftari za msamiati zinafanana wilaya nzima: mstari umechorwa katikati kwa rula, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. "Gravity", nguvu ya mvutano. "Abundant", tele. "Reluctant", mwenye kusita. Maneno hayajuani, yamekutanishwa na karatasi tu. Mwanafunzi anakariri usiku, anajibu jaribio asubuhi, na mwisho wa wiki yameshatoka. Sisemi kukariri hakuna kazi. Kuna mambo lazima yakaririwe. Ninachosema ni kwamba neno lisilo na jamaa kichwani halikai.

Nyamongo imezungukwa na Kiingereza kigumu kuliko kile cha vitabu vya kidato cha pili. Kiko getini, kiko kwenye vibao vya uzio, kwenye fomu za madai, kwenye mikataba ya ardhi, kwenye ripoti zinazotaja vijiji vyetu. Ningependa mwanafunzi aanze na maneno hayo anayoyaona kila siku, ayafuate mpaka yalikotoka. Yatamvutia mengine ya darasani. Na siku fomu itakapoingia nyumbani kwao, baba atakuwa na mtu wa kumsomea anayeelewa anachosoma.

Chukua neno "company". Mgodi huu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, wenyewe wakiwa Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka 2003 ukaingia mikononi mwa Placer Dome. Mwaka 2006 Barrick ikainunua Placer Dome. Mwaka 2010 jina likawa African Barrick Gold, mwaka 2014 likawa Acacia, na mwaka 2019 Barrick ikarudi moja kwa moja, sasa pamoja na Serikali yetu yenye hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Majina yote hayo yamepita kwenye kibao cha getini, lakini mitaani watu waliendelea na neno moja tu: kampuni. Kampuni imesema, kampuni imekataa, kampuni imetoa ajira. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna maneno mawili: "com", yaani pamoja, na "panis", yaani mkate. Kampuni, kwa asili, ni watu wanaokula mkate mmoja. Ndiyo maana "companion" ni mwenzi wa safari, yule mnayeshiriki chakula. Sisi tungesema watu wa sinia moja la ugali. Ukishajua hilo, "company", "companion" na "accompany" hayawi tena maneno matatu ya kukariri, ni ukoo mmoja. Na ukishajua hilo, mura, unaweza pia kuketi kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza kwa heshima swali ambalo neno lenyewe linaliuliza: mkate huu tunaula na nani?

Maneno hayakusafiri upande mmoja tu. Gokona, Nyabirama, Nyabigena, mashimo ya mgodi, ni majina ya kwetu, na wahasibu walioko Toronto, makao makuu ya Barrick, wanalazimika kuyaandika hivyohivyo kwenye ripoti zao za Kiingereza. Serengeti yetu, iliyotokana na Kimaasai, inatamkwa na watoto wa shule dunia nzima. "Safari" imo katika kamusi za Kiingereza tangu wasafiri wa karne ya 19, akiwamo Richard Burton, walipoandika vitabu vyao kuhusu nchi hizi. Nayo tuliipata kutoka Kiarabu kabla ya kuwapa wao. Nayataja haya ili mwanafunzi asiende kwenye Kiingereza kwa unyonge. Lugha ile imekopa kwa kila mtu, na sisi tumo kwenye daftari la waliokopesha.

Sasa twende kwenye uzio. Kila mgodi mkubwa una vibao vyekundu vyenye fuvu na neno "DANGER", chini yake HATARI. Hatari tumeipata kwa Waarabu, na maana yake haikubadilika sana. Lakini "danger" ina historia ya kushangaza. Kwa Kifaransa cha kale "dangier" ilikuwa mamlaka ya bwana mkubwa juu ya watu wa chini yake, uwezo wake wa kukutoza au kukuadhibu. Chimbuko ni "dominus" ya Kilatini, yaani bwana mwenye mali. Mtu aliyekuwa "katika danger" ya fulani alikuwa amenaswa mikononi mwa fulani. Taratibu maana ikahama, kutoka kwenye nguvu za bwana kwenda kwenye madhara yanayoweza kukupata, mpaka leo waya wa umeme una "danger" na shimo lina "danger". Mwanafunzi akiliandika hilo pembeni ya daftari lake, hatalisahau neno, na masomo ya historia kuhusu ukabaila yatakuwa yamepata mlango mwingine.

Nataka tukae zaidi kwenye maneno ya uzito, maana ndiyo yanayogusa nyumba nyingi hapa.

Mtu akiwa na malalamiko dhidi ya mgodi, ukuta wa nyumba umepasuka baada ya mlipuko, au maji yamebadilika rangi, anaelekezwa kwenye ofisi inayoshughulikia kile wanachokiita "grievance". Tunalitafsiri malalamiko, na tafsiri inatosha kwa kujaza fomu. Lakini shina la neno hilo ni "gravis" ya Kilatini, yaani zito. "Grievance" ni mzigo uliokuelemea. Sasa mwanafunzi wa kidato cha pili, angalia daftari lako la fizikia. "Gravity", nguvu inayolivuta jiwe kurudi chini, imetoka shina hilohilo la "gravis". Newton na mama aliyepasukiwa nyumba wanatumia neno la ukoo mmoja. Na daktari akikuambia hali ya mgonjwa ni "grave", anasema ni nzito. Ila "grave" ya kaburi ni nyingine kabisa, hiyo ni ya Waingereza wenyewe na inatokana na kuchimba. Maneno yanaweza kufanana sura bila kuwa ndugu, na mwanafunzi makini lazima alijue hilo mapema.

Aliyeelemewa anakwenda kudai "compensation". Hapo tena tunakuta "com", pamoja, na safari hii "pensare", kupima kwa mizani. Waroma wa kale, kabla ya kuwa na sarafu, walilipana kwa kupima vipande vya shaba, hivyo kulipa na kupima vilikuwa tendo moja. "Compensation" ni kuweka vitu viwili kwenye mizani kwa pamoja mpaka mikono yake isawazike: upande huu kilichochukuliwa, upande ule kinachotolewa. Kutokana na shina hilo tunapata "pension", yaani pensheni aliyopimiwa mstaafu; "expense" na "expensive", gharama na cha gharama; "ponder", kulipima jambo moyoni; hata "suspend", kuning'iniza, kwa sababu mizani ya kale ilining'inizwa. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kwa shina hili, wanafunzi wataondoka na maneno mengi yanayoshikana mikono. Na anayefika mezani akijua kwamba "compensation" maana yake ni mizani, atauliza swali sahihi: kwenye ule upande wa pili mmeweka nini, na nani aliyepima?

Kiswahili kinasema fidia, na fidia inalitazama jambo hilo kutoka mahali pengine. Kwa Kiarabu ni kile kinachotolewa ili kumkomboa mtu, ndiyo maana Waislamu wanaijua fidia ya asiyeweza kufunga Ramadhani. Kiingereza kinapima, Kiswahili kinakomboa. Familia iliyotakiwa kuhamisha makaburi ya wazee wake inayahitaji maneno yote mawili. Miti, mihogo na bati vinaweza kupimwa. Kaburi la babu linahitaji kukombolewa, na nadhani wathamini wengi wangefanya kazi yao kwa moyo zaidi kama wangelijua neno la Kiswahili kwa undani kama wanavyolijua la Kiingereza.

Na hapa Nyamongo tumetunga letu wenyewe, ambalo watu wa Dodoma wamelazimika kulijifunza: tegesha. Watu walipohisi kwamba eneo fulani litachukuliwa, wakajenga vibanda haraka na kupanda miti ili wathaminiwe, zikaitwa nyumba za tegesha. Limetoka kwenye tega, kama unavyotega ndege. Kiingereza cha ofisini kinaliita jambo hilo "speculation", neno linaloonekana la heshima zaidi. Lichimbue. "Specula" kwa Kilatini ni mnara wa mlinzi, mahali pa juu pa kukaa na kuchungulia kinachokuja. Mroma yuko juu ya mnara anatazama mbali, Mkuria yuko chini ameshika kamba ya mtego, na wote wawili wanasubiri. Shina hilo la kutazama linakupa "inspect", "spectator", "respect" na "suspect". Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha hapa ana bahati: aanze na tegesha, darasa zima litakuwa macho.

Yapo pia maneno yanayoficha. Baada ya dhahabu kutolewa kwenye mawe yaliyosagwa, kinachobaki ni tope lenye kemikali, na linahifadhiwa kwenye bwawa. Kwa Kiingereza linaitwa "tailings". Limetokana na "tail", mkia. Ni kile kinachobaki nyuma, mwishoni mwa kazi. Ukilisikia tu, huwezi kuogopa. Kiswahili cha Serikali kinasema bwawa la topesumu, na ukilisikia unamwondoa mtoto na ng'ombe mara moja. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodini yaliingia mto Tigithe, na jina la mto huo mdogo likafika kwenye magazeti ya dunia. Mei 2019 baraza la mazingira la Taifa, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa hilo la topesumu. Aliyebuni neno topesumu, yeyote awaye, aliwafanyia wananchi kazi kubwa, maana tahadhari nzima ameitia ndani ya neno moja.

Kemikali yenyewe, sayanaidi, jina lake limetoka kwenye "kyanos" ya Kigiriki, rangi ya buluu iliyokolea. Ajabu ni kwamba sayanaidi ya mgodini ni nyeupe. Jina limeshika historia badala ya sura: mkemia Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1782, alipata asidi yake kwa kuichemsha rangi ya wachoraji iliyoitwa buluu ya Prussia. Ni mwaka 1887 ndipo John Stewart MacArthur na wenzake huko Glasgow, Uskoti, walipopata hataza ya kutumia sayanaidi kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe, na migodi mikubwa ya leo imejengwa juu ya ugunduzi huo. Mwanafunzi wa kemia, unaposoma "cyan" kwenye wino wa printa na "cyanide" kwenye jedwali, sasa unajua ni watoto wa mama mmoja.

Wachimbaji wadogo wao wanakamata dhahabu kwa zebaki. Neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, "zi'baq", na Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao neno lao lilimaanisha kilicho hai. Kiingereza cha zamani kinaiita zebaki "quicksilver", na "quick" hapo haimaanishi haraka, maana yake ya kale ni hai: fedha iliyo hai. Mwajemi na Mwingereza waliitazama ikitiririka na kugawanyika matone, kila mmoja kwa lugha yake akasema, kitu hiki kina uhai. Nawaomba vijana wanaoichoma zebaki kwenye kikaango nyuma ya nyumba walikumbuke hilo. Moshi wake unaingia mapafuni na kwenye ubongo, wa mchomaji na wa mtoto aliyelala chumba cha pili.

Kuna neno moja nalitamka kwa uchungu: "intruder". Vijana wanaoingia ndani ya uzio kuokota mawe wanaitwa hivyo, na baadhi yao wamelibeba neno wakajiita wenyewe maintruda. Limejengwa na "in", ndani, na "trudere", kusukuma. Ni yule anayejisukuma ndani asikotakiwa. Katika baiolojia utakutana na ndugu yake "protrude", kuchomoza nje. Kisheria neno lina mantiki yake, na mtu anayevuka uzio wa mgodi anajiweka hatarini, hilo halina mjadala. Ila Wanyamongo walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono kabla mgodi mkubwa haujaanza, na "intruder" linaanza kuhesabu siku uzio uliposimama. Linaanzia katikati ya hadithi. Mwaka 2013 wanavijiji waliojeruhiwa na ndugu wa waliouawa walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold, na mwaka 2015 madai hayo yakamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Kesi ya namna hiyo inasomwa kwa Kiingereza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Natamani siku moja wakili mezani awe ametoka sekondari ya hapa.

Tuvuke mpaka Sirari kidogo. Pale mpakani na Kenya wafanyabiashara wanalipia mizigo kwa kufuata kile Kiingereza kinachoita "tariff". Neno hilo lilifika Uingereza kupitia Italia, na Waitaliano walilipata bandarini kwa Waarabu: "ta'rifa", yaani kujulisha, tangazo la bei na ushuru. Na sisi tunaanza matangazo kila siku kwa taarifa ya habari. "Tariff" na taarifa vimetoka shina moja! Kahawa inayolimwa milima ya Tarime na "coffee" wanayokunywa Ulaya ni neno moja la Kiarabu, moja limekuja kwetu kwa jahazi, lingine limezunguka kupitia Uturuki na Uholanzi. "Zero" na sifuri ni vivyohivyo, vyote kutoka "sifr", kitupu. Wapo wanafunzi wanaodhani Kiingereza na Kiswahili havina sehemu ya kukutana. Vinakutana mahali pengi, hasa pale wafanyabiashara, wanahesabu na wakemia wa Kiarabu walipopita.

Hata dhahabu inapopimwa. Tunasema karati, dhahabu safi ni karati 24. Waarabu walisema "qirat", nao waliipata kwa Wagiriki, kwao ilikuwa mbegu ya mti wa karobu iliyotumiwa kama jiwe la mizani. Sarafu ya dhahabu ya Waroma, "solidus", ilikuwa na uzito wa mbegu 24 za aina hiyo, na hesabu hiyo imebaki mpaka kwenye pete ya harusi ya leo. Sarafu hiyohiyo ndiyo mshahara wa askari, na ndimo lilimotoka "soldier". Na kule maabara ambako dhahabu inajaribiwa kujua usafi wake, kazi ile inaitwa "assay". Neno hilo na "essay", insha unayoiandika kwenye mtihani wa kidato cha nne, ni pacha. Yote yanatokana na "exagium", yaani kupima uzito. Insha ni kuliweka wazo lako kwenye mizani mbele ya msomaji.

Tahadhari moja, tafadhali, kwa sababu asili za maneno zina watungaji wengi wa uongo. Utaambiwa "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza. Si kweli. Ni "new", mpya, iliyowekwa kwenye wingi: mambo mapya. Hadithi ikiwa nzuri mno, na hasa ikilifanya neno kuwa kifupi cha maneno mengine, fungua kamusi kwanza. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, itakupa maana. Kwa asili utahitaji kamusi ya Kiingereza yenye historia ya maneno, na nyingi sasa zinapatikana kwenye simu.

Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza, ile ya Oxford, ilihaririwa na James Murray, mtoto wa fundi cherehani wa kijiji cha Uskoti, aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Alifanya kazi katika banda la mabati bustanini kwake. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, yeye akafariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Hakuyakusanya maneno peke yake. Watu wa kawaida, mamia kwa mamia, walimtumia kwa posta vipande vya karatasi, kila kipande kina neno moja na sentensi ambamo msomaji alilikuta. Hiyo sentensi ndiyo siri, na ndiyo inayokosekana kwenye daftari zetu zenye mstari katikati.

Kwa hiyo naomba walimu wa Kiingereza wa sekondari zote za Nyamongo, na wa ng'ambo ya mto Mara upande wa Serengeti, wajaribu jambo hili muhula huu. Kila mwanafunzi alete neno moja la Kiingereza alilolikuta nje ya darasa: kwenye kibao, kwenye mfuko wa saruji, kwenye fomu ya baba, kwenye fulana ya kazini. Aandike sentensi yote, aandike alipoliona, kisha darasa lilifuate neno mpaka shina lake, na walitafutie ndugu zake. Kadi zibandikwe ukutani. Zisiondolewe baada ya jaribio. Na Kikuria kisifungiwe nje ya mlango. Mwanafunzi akikumbuka neno la bibi yake linalobeba picha ileile, nalo liandikwe kwenye kadi.

Na wewe unayenisikiliza nyumbani usibaki hivihivi. Kitendawili! Tega. Mgodini kuna stoo yenye ulinzi mkali inayohifadhi baruti, na Kiingereza kinaiita "magazine". Jarida unalosoma linaitwa "magazine". Kile kipande cha bunduki kinachobeba risasi, askari wanakiita magazini. Vyote vitatu vina asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kuweka akiba, na kutokana na shina hilohilo Kiswahili kina neno lake, tena ofisi nzima ya Serikali inayotunza fedha zetu imepewa jina hilo. Ni neno gani? Andikeni majibu yenu, pamoja na neno moja mlilolikuta njiani wiki hii na mahali mlipolikuta, myalete hapa studio kabla ya Ijumaa. Nitayasoma kipindi kijacho, saa ileile.